Sanduku Lina Kufuli Tatu, Simu Haina Hata Moja



Tukitembelea vikundi vya huku Nunguni na vijiji vya milima ya Kilungu, kuna kitu tunakiona karibu kila mahali. Katikati ya duara pamewekwa sanduku la chuma. Lina kufuli tatu. Kila ufunguo uko kwa mtu wake, na mweka hazina anayelala na sanduku nyumbani hana ufunguo hata mmoja. Hakuna anayenung'unika juu ya hilo. Kando ya sanduku, juu ya leso, iko simu ya mweka hazina, kioo kinang'aa. Ukiigusa tu inafunguka. Na siku hizi pesa zinazopita ndani ya ile simu kwa mwezi ni nyingi kuliko zile zilizo ndani ya sanduku.

Somo la leo ni juu ya ile simu. Tutajifunza jinsi ya kuifanya ijifunge yenyewe bila mwenyewe kukumbuka. Kazi ya vidole ni dakika kumi tu, hata kwa mtu ambaye hajazoea. Lakini hatutaanza na vidole. Mtu asiyejua kwa nini anafunga atachoka baada ya siku mbili, atarudisha vile ilivyokuwa, na somo litakuwa limepotea bure.

SANDUKU LIMEHAMIA MFUKONI

Kusaidiana si jambo geni Ukambani. Mwethya ulikuwako zamani, watu wakikusanyika kulima, kuchimba matuta na kujenga, kabla hata ya kusikia neno "mradi". Huu mtindo wa kuweka akiba na kukopeshana kwa sanduku ndio mgeni. Unatoka Niger, Afrika Magharibi, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kufanya kazi hiyo na akina mama wa vijijini, halafu ukasambaa nchi nyingi za Afrika mpaka ukatufikia.

Sasa hebu tujiulize: kwa nini kufuli tatu? Kwani mweka hazina ni mwizi? La. Tulimchagua sisi wenyewe kwa sababu tunamwamini. Kufuli zipo ili siku pesa zikipungua, asiwepo mtu wa kumnyooshea kidole. Hakuweza kufungua peke yake, basi hakuna la kumuuliza. Kufuli inalinda pesa, ndiyo, lakini zaidi inalinda jina la mtu. Vikundi vingi havivunjiki kwa sababu ya wizi. Vinavunjika kwa sababu ya kushukiana, na kushukiana kunatosha hata kama hakuna shilingi moja iliyopotea.

Mwezi wa Machi 2007 M-Pesa ilianza hapa Kenya. Mwanzoni tulitumiwa pesa na watoto walioko Nairobi na Mombasa, basi. Polepole wanavikundi wasioweza kufika mkutanoni wakaanza kutuma mchango wao kwa simu ya mweka hazina. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, ya kuweka akiba na kukopa. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, unayoweza kutumia hata kama salio halitoshi. Tangu hapo laini si mfuko wa pesa tu, ni mlango wa madeni pia, na deni linaandikwa kwa jina la mwenye laini.

Halafu zikaja simu za kugusa. Wengi walizipata kwa Lipa Mdogo Mdogo, ambayo Safaricom waliianza Julai 2020 kwa amana ya shilingi 1,000 na shilingi 20 kila siku. Tukumbushane kitu kimoja kuhusu simu za mkopo. Ukiacha kulipa, mkopeshaji anaweza kuifunga simu akiwa mbali, wala hakuombi ruhusa. Yeye aliweka kufuli yake siku ya kwanza. Wewe unayeibeba kila siku, kufuli yako iko wapi?

"LAKINI M-PESA IKO NA PINI"

Jibu hili tumelisikia mara nyingi, na ni la kweli. Mtu akiokota simu yako ikiwa wazi, hawezi kutoa pesa za M-Pesa bila ile pini yako. Lakini tufikirie pamoja ni nini anachoweza kufanya bila pini.

Anaweza kusoma meseji. Atajua kikundi kimepokea shilingi ngapi, lini, na ni nani atakayebeba pesa kesho.

Anaweza kuandika kwenye kundi la WhatsApp kwa jina lako: "Kuna mgonjwa, tafadhali nitumieni haraka kwa namba hii, nitarudisha jioni." Hapa ndipo hatari kubwa ilipo, na watu hawaioni. Wanakikundi watatuma, kila mmoja kwa pini yake mwenyewe, kwa hiari yake, kwa sababu jina waliloliona ni la mweka hazina wao. Pini yako haikuguswa kamwe.

Anaweza kufungua picha. Siku ile mlipokuwa mnaandikisha kikundi, vitambulisho vya wanachama wote vilipigwa picha kwa simu ya nani? Na kwenye kitambulisho kuna tarehe ya kuzaliwa, na wengi wetu tumeweka pini ya M-Pesa kuwa mwaka wa kuzaliwa. Wengine wameiandika kabisa kwenye orodha ya majina ya simu, wakaipa jina "Pini". Huyo mtu hana haja ya kuwa mjanja.

Tena anaweza kufuta. Meseji ya kuthibitisha kwamba mama fulani alilipa mchango wa mwezi wa tatu ikifutwa, hata na mtoto aliyekuwa akitafuta michezo, mkutano unaofuata utakuwa na kelele.

Vitambulisho na namba za wanachama si mali ya mweka hazina. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na msingi wake ni rahisi kueleweka hata bila wakili: ukipewa habari za mtu mwingine, uzitunze.

KUZIMA SI KUFUNGA

Sasa tuingie kwenye simu yenyewe. Shikeni jambo hili vizuri, maana wengi hujikwaa hapa. Kioo kikiwa cheusi, watu wanafikiri simu imefungwa. Si lazima. Kioo cheusi ni mlango uliorudishwa tu. Kama umekomewa au haujakomewa, huwezi kujua mpaka uusukume.

Ndani ya simu kuna saa mbili. Saa ya kwanza inahesabu tangu ulipoigusa mara ya mwisho mpaka kioo kizime. Saa ya pili inahesabu tangu kioo kizime mpaka simu ijifunge. Ukiweka saa ya kwanza dakika moja, lakini ya pili imewekwa dakika thelathini, basi simu yako italala mezani nusu saa nzima, nyeusi, ukidhani iko salama, kumbe mtu akibonyeza kitufe anaingia moja kwa moja.

Kisha kuna kufuli yenyewe. Kama simu inafunguka kwa kutelezesha kidole tu, hizo saa zote mbili hazina maana. Ni sawa na kukomea mlango kwa ugwe. Kwa hiyo mpango ni huu: kwanza kufuli, halafu saa mbili, halafu kufunika kile kinachoonekana dirishani.

TUFANYE PAMOJA

Simu nyingi zinazouzwa madukani huku ni za mtindo wa Android, basi tutafuata hizo. Majina yanabadilika kidogo kutoka simu moja hadi nyingine, msiogope. Tunawashauri wale wasiosoma Kiingereza waiweke simu kwa Kiswahili kwanza. Iko kwenye sehemu ya lugha, na inawezekana kwa karibu simu zote hizi. Vijana wetu huona haya kufanya hivyo. Sisi hatuoni sababu ya haya.

Tafuta alama ya gurudumu lenye meno. Hiyo ndiyo Mipangilio, vijana huiita setingi. Ukikwama mahali popote, juu yake kuna alama ya lenzi. Bonyeza hapo, andika neno "funga", simu itakuletea mahali panapohusika.

Ingia sehemu ya Usalama, kisha kufunga skrini. Utaona chaguo kadhaa: hakuna, telezesha kidole, mchoro, pini, nenosiri. Mbili za kwanza si kufuli. Mchoro ni ile ya kuunganisha vidoti tisa kwa kidole. Watu wanaipenda kwa sababu haihitaji kusoma, na ni bora kuliko kukaa bila. Lakini kidole kinaacha njia yake juu ya kioo. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionyesha kwamba mara nyingi ule mchoro unaweza kusomwa kutokana na mafuta ya vidole yaliyobaki kwenye kioo. Mama anayekaanga mandazi asubuhi hahitaji mtaalamu wa kumweleza hilo. Ainamishe simu yake juani ajionee. Sisi tunapendekeza pini, na iwe ya tarakimu sita. Pini ya tarakimu nne ina nafasi 10,000. Ya sita ina nafasi 1,000,000.

Alama ya kidole ni nzuri na ya haraka, ila huku kwetu ina shida yake. Mikono inayochimba matuta, kupasua mawe na kufua nguo kwa maji baridi hulika, mistari ya vidole ikafifia, na simu inakataa kumtambua mwenyewe. Si kosa la simu wala lako. Sajili vidole viwili au vitatu, mkono wa kulia na wa kushoto, na chagua kile kisichofanya kazi ngumu. Hata hivyo pini itabaki chini yake, kwa sababu simu ikizimwa kabisa na kuwashwa tena, itaidai pini kwanza.

Sasa saa ya kwanza. Rudi Mipangilio, ingia sehemu ya Skrini au Onyesho, tafuta muda wa skrini kujizima. Utaona sekunde 15, sekunde 30, dakika 1, 2, 5, mpaka 10 au 30. Wataalamu wa mjini watakuambia chagua 15. Sisi hatukubaliani nao. Mzee anayesoma meseji polepole kwa miwani ya kuazima, kioo kikimzimikia katikati ya mstari mara tatu, atamwita mjukuu na kumwambia "toa kitu hiki". Mweka hazina aweke sekunde 30. Anayesoma polepole aweke dakika 1. Kuna faida nyingine pia: kioo ndicho kinachokula moto wa betri kwa wingi, kwa hiyo mwenye kuchaji kwa sola ndogo ataona tofauti siku za mawingu, ambazo hapa Nunguni si chache.

Saa ya pili. Rudi mahali ulipoweka kufuli. Kando ya maneno ya kufunga skrini mara nyingi kuna gurudumu dogo lenye meno, libonyeze. Hapo utaona muda wa kujifunga baada ya skrini kuzima. Chagua papo hapo, au sekunde 5, isiyozidi hapo. Chini yake utakuta kifungu kinachosema kitufe cha kuwasha kifunge simu mara moja. Kiwashe. Ukiwa na haraka, sokoni au kwenye matatu ya kushuka Salama, hungoji saa yoyote, unabonyeza kitufe cha ubavuni na simu imekomewa. Simu nyingine zina kitu cha kuiacha wazi zikiwa mfukoni au zikiwa nyumbani. Kizimwe. Mfuko haujui ni wa nani.

Mwisho ni dirisha. Hata simu ikiwa imefungwa, meseji zikiingia huonekana juu ya kioo: umepokea shilingi kadhaa kutoka kwa fulani, salio lako ni kadhaa. Mwenye kukaa karibu nawe anasoma bila kugusa kitu. Katika Mipangilio, sehemu ya Arifa, kuna mahali pa kuficha maandishi nyeti kwenye skrini iliyofungwa. Ficha.

Kabla ya kuondoka hapo, andika jina na namba ya mtu wa kupigiwa wakati wa dharura. Simu iliyofungwa bado inaweza kupiga 999 au 112, na mtu akikukuta umeanguka na bodaboda ataweza kuona namba hiyo bila kuingia ndani.

Wenye iPhone wana saa ya kwanza kwenye sehemu ya mwangaza wa skrini, na kufuli kwenye sehemu ya alama ya kidole au uso pamoja na paswadi. Wenye kabambe, zile mulika mwizi, wasijione wametengwa. Kule kufunga vibonyezo kwa nyota ni kwa kuzuia simu isijipigie mfukoni tu, si kufuli. Lakini nyingi zina namba ya usalama kwenye mipangilio yake, na zote zinaweza kufunga laini, tutafika huko.

Halafu pimeni. Simu zote ziwekwe katikati ya duara, mtu asiguse, mhesabu pamoja kwa sauti mpaka vioo vyote vizime. Kisha kila mmoja achukue simu ya jirani na ajaribu kuingia. Ile itakayofunguka, mwenye nayo arudie. Tumeona vikundi vinacheka sana hapa, na ni vizuri.

NAMBA GANI?

Isiwe 1234, isiwe 0000, isiwe mwaka wa kuzaliwa wako au wa kifungua mimba. Na isiwe, tunarudia, isiwe pini yako ya M-Pesa. Pini ya simu utaibonyeza mara nyingi kwa siku mbele ya watu: dukani, kwenye foleni ya kinu, nyuma ya bodaboda. Siku moja mtu ataiona. Akiiona, awe ameona ya mlangoni tu, si ya kabati.

Simu nyingi za Android, ukikosea mara tano, zitakungojesha sekunde 30 kabla ya kujaribu tena. Ukisahau kabisa, hakuna ujanja wa halali wa kuifungua bila kusafisha kila kitu kilichomo, na baada ya hapo bado itadai akaunti ya Google iliyokuwemo. Picha za daftari zitapotea. Kwa hiyo daftari la karatasi lisitupwe. Katibu aendelee kuandika kwa kalamu.

UNAFICHA NINI?

Kwa maoni yetu kikwazo kikubwa si mitambo. Ni nyumbani. Tunaomba kikundi kiigize hivi, wanaume wakiwa wapo.

MUME: Mama, hii simu imeanza kudai namba. Tangu lini?

MKE: Tangu jana, Baba. Tulikubaliana kwa kikundi.

MUME: Kikundi! Na mimi hapa ni mgeni? Unaficha nini?

MKE: Lile sanduku limelala chini ya kitanda chetu miaka mitatu. Uliwahi kulifungua?

MUME: Si lina kufuli.

MKE: Na uliwahi kuniuliza naficha nini?

(Mume ananyamaza. Jirani anabisha hodi.)

JIRANI: Mwaitu, nisaidie simu nimpigie mtoto. Yangu imeisha moto.

Igizo likomee hapo. Muulizeni mke afanye nini sasa, na mume vilevile, na waendelee kuigiza vile wanavyoona. Msiwape jibu.

Sisi tunayo maoni yetu. Simu ikifungwa ghafla bila neno, ndani ya nyumba inaonekana kama ukuta. Mweka hazina azungumze na mwenzake kabla ya kuweka pini, si baada, na ikiwezekana mwenyekiti afike amweleze kwamba ni sheria ya kikundi kwa viongozi wote, si wazo la mama huyo. Tunajua nyumba ambamo simu imeleta ugomvi mkubwa, na hatutaki kikundi kiwe sababu. Kama nyumbani pana hofu ya kweli, mama asilazimishwe. Simu ikae kwa kiongozi mwingine.

Njia iliyo safi zaidi, kwetu sisi, ni kikundi kununua simu yake. Iwe ya bei ndogo, laini yake itumike kwa kazi ya kikundi tu. Hapo hakuna mume wala mke, na mtoto hana michezo ndani. Pini ya kioo cha simu hiyo iandikwe, itiwe ndani ya bahasha, bahasha ifungwe kwa gundi na kutiwa sahihi na viongozi watatu, kisha iwekwe ndani ya lile sanduku lenye kufuli tatu. Mweka hazina akilazwa hospitalini, wenye funguo watakutana. Tunasema pini ya kioo. Ya M-Pesa haiandikwi popote.

Kwa jirani mwenye shida, msaidie. Mpigie namba wewe mwenyewe, mpe azungumze akiwa karibu nawe, ukirudishiwa bonyeza kitufe. Ndivyo pia kwa mtoto anayetaka picha: simu za Android zina kitu cha kubandika programu moja tu ili asiweze kutoka hapo kwenda kwenye meseji. Na ukiipeleka simu kuchajiwa dukani au kwa kinyozi, iache imefungwa; chaji inaingia vilevile. Fundi akitaka pini, kaa hapo akifanya kazi.

KUFULI YA KIOO HAILINDI LAINI

Hapa tuseme ukweli ili mtu asijidanganye. Mwizi anaweza kuchomoa laini na kuiweka kwenye simu nyingine. Kufuli yote tuliyoweka itabaki kwenye simu aliyoitupa. Laini ina pini yake, inayodaiwa kila simu ikiwashwa, nayo huwekwa kwenye sehemu ya Usalama. Lakini tahadhari. Kabla ya kuiwasha lazima ujue ile pini ya kwanza iliyokuja na laini, usibahatishe. Ukikosea mara tatu laini inajifunga na kudai namba ndefu ya PUK. Hiyo nayo ukiikosea mara kumi, laini imekufa. Kama ile kadi iliyokuja na laini imepotea, nenda kwa wakala wa kampuni yako kwanza.

Kwenye WhatsApp nako kuna uthibitishaji wa hatua mbili, namba ya siri ya tarakimu sita. Ukiiweka, mwenye laini yako mkononi hataweza kuwa wewe kwa urahisi hivyo.

Piga *#06# kwenye kila simu ya kiongozi. Zitatokea tarakimu 15, simu ya laini mbili hutoa namba mbili. Katibu aziandike kwenye daftari. Simu ikipotea, polisi watakuuliza namba hiyo, na hapo si rahisi kuipata kama hukuwa umeiandika. Hatua ya kwanza kabisa, hata kabla ya polisi, ni kuazima simu na kuiambia kampuni ya laini iifunge laini, kisha kuwajulisha wanachama wote wasitume kitu.

Na pesa za kikundi zisilale kwa laini ya mtu binafsi. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho chake. Akifariki, warithi wake ndio watakaoenda kuzidai, si kikundi. Zipite kwenye simu, zifike kwenye akaunti ya kikundi yenye watia sahihi zaidi ya mmoja, kabla ya wiki kwisha.

MASWALI YA KUJADILIANA

Kwa vikundi vidogo vya watu watano watano, mkimaliza kuigiza. Katika kikundi chetu, ni vitu gani vya wanachama viko ndani ya simu ya kiongozi mmoja? Nani aliruhusu? Ikiwa mchango wa mtu hauonekani leo, tungejuaje ukweli bila kumshuku mweka hazina? Kuna mtu hapa ambaye kufunga simu kutamletea taabu nyumbani, na tunaweza kumsaidiaje bila kumwaibisha mbele ya wengine? (Swali hili la mwisho lisijibiwe kwa sauti. Kiongozi wa mkutano azungumze na mtu pembeni.)

Kabla ya mkutano ujao, mwenyekiti, katibu na mweka hazina wawe wameweka kufuli na saa zote mbili, na namba za *#06# ziwe kwenye daftari. Kijana mmoja anayejua simu ateuliwe kuwasaidia wazee, lakini wazee wenyewe ndio watakaobonyeza pini, na kijana ageuke upande wa pili.